Mihogo, sumaku na njia za mwendo ubongoni

Katika Kata ya Kiloleli, wilayani Busega, kama ilivyo sehemu kubwa ya Usukumani, pamba hulimwa iuzwe, mahindi na mpunga huliwa mwaka wa neema, na muhogo ndiyo akiba ya mwaka wa njaa. Mvua ikikata na mahindi yakinyauka yakiwa bado usawa wa magoti, kaya hugeukia shamba la mihogo. Tangu enzi za mkoloni serikali zimewahimiza wakulima wa huku wawe na shamba hilo, kwa kuwa muhogo huvumilia ukame na huweza kukaa ardhini miezi mingi ukisubiri kuchimbwa.

Mwaka 1985, katika mkoa jirani wa Mara, akiba hiyo hiyo ililemaza watu. Wilaya ya Tarime ilikuwa imekumbwa na ukame. Watu waliokuwa wazima wa afya walijikuta ghafla miguu imekakamaa, yote miwili kwa wakati mmoja. Hakukuwa na ajali wala jeraha la mgongo la kueleza balaa hilo. Magoti yaligongana, visigino vikagoma kugusa chini, na aliyejaribu kutembea alikanyaga kwa ncha za vidole. Wapo waliopata nafuu ya kutembea bila msaada, wapo waliohitaji fimbo moja au mbili, na wapo ambao hawakusimama tena.

Waliofuatilia mkasa huo ni Dk. William Howlett, bingwa wa magonjwa ya mfumo wa fahamu aliyefanya kazi katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, pamoja na G. R. Brubaker, Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, na Hans Rosling wa Sweden. Walihesabu wagonjwa 39. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1990 katika jarida la Brain, na ugonjwa waliouthibitisha unaitwa konzo. Daktari Mtaliano Giovanni Trolli alikuwa ameuandika mwaka 1938 kutoka eneo la Kwango, Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1981 uliwakumba zaidi ya watu 1,000 katika jimbo la Nampula, Msumbiji, na Rosling, aliyekuwa daktari wa wilaya huko, alikuwa miongoni mwa walioupeleleza.

Chanzo kilikuwa mihogo michungu iliyoliwa kabla haijaondolewa sumu vya kutosha, siku hadi siku, kwa wiki kadhaa, karibu bila mboga ya maana pembeni.

Swali lililobaki lilikuwa la ndani zaidi. Sumu hiyo iligusa wapi? Mgonjwa wa konzo ana misuli, na misuli hiyo si legelege. Imekaza kupita kiasi. Ukimgonga chini ya goti kwa nyundo ndogo ya daktari, mguu huruka kwa nguvu isiyo ya kawaida. Dalili hizo zilionyesha kuwa hitilafu iko juu, katika seli za neva zinazotoa amri ya mwendo kutoka kwenye gamba la ubongo na kuishusha hadi kwenye uti wa mgongo. Lakini kuhisi ni jambo moja, na kupima ni jambo jingine.

Kofi la sumaku

Mwaka huo huo wa 1985, mjini Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake Reza Jalinous na Ian Freeston walichapisha taarifa fupi katika jarida la Lancet. Walikuwa wametengeneza chombo kinachoweza kuamsha ubongo wa mtu aliye macho, bila kumchana, bila kumchoma sindano, na bila maumivu ya kumfanya akimbie.

Kabla yao, mwaka 1980, Patrick Merton na Herbert Morton walikuwa wamefanikiwa kupitisha umeme kwenye fuvu hadi ubongoni. Kidole kilichezeshwa kweli, ila umeme ule uliuma, kwa sababu ngozi na misuli ya kichwa viliupokea wa kwanza. Barker alipita njia nyingine. Tangu majaribio ya Michael Faraday ya mwaka 1831 ilijulikana kuwa uga wa sumaku unaobadilika huzaa umeme katika kitu kinachopitisha umeme kilicho karibu. Ubongo unapitisha umeme, na fuvu haliizuii sumaku.

Kifaa chenyewe ni koili ya waya wa shaba iliyofunikwa kwa plastiki, inayotoshea mkononi. Siku hizi nyingi huwa na umbo la tarakimu nane, ili nguvu ikutane katikati na kulenga sehemu ndogo. Mpimwaji hukaa kwenye kiti, na vipande vya kunasa umeme hubandikwa juu ya msuli wa kidole gumba. Mtaalamu huiweka koili kichwani, kati ya utosi na sikio la upande wa pili, na kubonyeza swichi. Husikika mlio mkavu. Umeme mkali hupita kwenye waya kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, yaani milisekunde moja, na nguvu ya sumaku inayozuka hukaribia ile ya MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili. Kichwani mtu huhisi kama amedonolewa. Baada ya takriban milisekunde 20, kidole gumba hutikisika chenyewe, na kwenye skrini huchoreka wimbi.

Wimbi hilo hubeba habari nyingi. Urefu wake huonyesha jinsi seli za mwendo zilivyo tayari kuitika. Likichelewa, njia kati ya ubongo na uti wa mgongo ina kasoro. Lisipotokea kabisa, amri haikufika.

Hapa msomaji aonywe mapema. Bangili, mikanda na soli za sumaku zinazotembezwa minadani na stendi za mabasi hazina uhusiano na jambo hili. Sumaku iliyotulia haizalishi umeme ndani ya ubongo. Kinachofanya kazi ni uga wa sumaku unaopanda na kushuka kwa kasi, na hilo linahitaji mashine na mtaalamu.

Picha safi, njia iliyokatika

Matukio hayo mawili ya 1985 yalikutana miaka michache baadaye. Mwaka 1993 Thorkild Tylleskär, Howlett, Rosling na wenzao walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wawili kutoka Tanzania, wote wakiwa wameathirika vibaya na konzo. Walipigwa picha za MRI za ubongo na uti wa mgongo. Picha zilitoka safi.

Kisha ikaletwa koili. Sumaku ilipiga juu ya eneo la mwendo, na hakuna wimbi lililotokea, hata kwenye mikono, ambayo kwa macho ilionekana kudhurika kidogo tu. Fundi umeme anaujua mkasa wa aina hii: ukuta umepigwa rangi, soketi iko mahali pake, waya hauonekani kuwa na tatizo lolote, lakini testa haiwaki. Kwa kipimo hicho watafiti walipata ushahidi kuwa konzo ni ugonjwa unaojitegemea, unaochagua kuharibu seli za juu za mwendo na kuziacha nyingine.

Daktari Mkongomani Désiré Tshala-Katumbay aliendeleza kazi hiyo. Mwaka 2002 yeye na wenzake walichapisha utafiti uliotumia umeme na sumaku, vyote vikipitishwa juu ya fuvu, kuichambua njia ya mwendo kwa watu wenye konzo. Kwa hiyo teknolojia ambayo leo huzungumzwa kama anasa ya maabara za Ulaya na Marekani ilishatumika kueleza ugonjwa wa wakulima maskini wa Afrika ikiwa bado changa. Jambo hili lingepaswa kujulikana zaidi katika nchi zetu.

Jembe moja, sehemu nyingi za ubongo

Mwendo, hata ulio mwepesi, hautoki sehemu moja. Mpalizi wa pamba anapoinua jembe, eneo kuu la mwendo, ukanda ulioinamia kila upande wa kichwa kuanzia utosini kuelekea sikioni, ndilo hutoa sehemu kubwa ya amri kwa misuli. Mbele yake lipo eneo la matayarisho, ambalo huunganisha kile macho yanachoona, yaani mpini ulipo na unene wake, na namna vidole vitakavyofumba. Katikati, nusu mbili za ubongo zinapokabiliana, lipo eneo jingine linalosaidia kupanga mfuatano: inua, shusha, vuta. Na kwa sababu jembe hushikwa kwa mikono miwili, nusu ya kulia na ya kushoto hupelekeana habari kupitia fungu nene lenye takriban nyuzi milioni 200 za neva.

Maeneo haya hayafanyi kazi ya kusukumana tu. Mara nyingi hunyamazishana. Mtu akitaka kusogeza mkono wa kulia peke yake, upande mmoja wa ubongo hulazimika kuutuliza mwingine. Mwaka 1992 Andreas Ferbert na wenzake walilionyesha hilo kwa koili mbili. Pigo lilipotangulia kwenye nusu moja ya ubongo, kisha baada ya kama milisekunde 10 pigo jingine likatua kwenye nusu ya pili, wimbi la mkono lilipungua. Pigo la kwanza lilikuwa limevuka na kuuzuia upande wa pili.

Hatua iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi: kujaribu kuyabadili mawasiliano yenyewe. Mwaka 2011 Ethan Buch, Matthew Rushworth na wenzao, katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, walipiga eneo la matayarisho, kisha baada ya milisekunde 8 wakapiga eneo kuu la mwendo, na kurudia jozi hiyo kwa robo saa. Walitumia kanuni ambayo wanasayansi wa neva waliijua tangu awali kutoka kwa wanyama, kwamba seli moja ikitangulia kuamka kidogo kabla ya nyingine mara kwa mara, kiungo kati yao huimarika. Baada ya robo saa hiyo, ushawishi wa eneo la matayarisho juu ya eneo kuu la mwendo ulikuwa umeongezeka. Hali hiyo ilidumu kwa saa moja au zaidi, na kufikia saa ya tatu ilikuwa imeanza kurudi ilivyokuwa.

Jambo lililowashawishi zaidi ni mpangilio. Walipogeuza, wakaanza na eneo kuu ndipo wakaja kwenye la matayarisho, matokeo hayakuwa yale. Hivyo si mapigo tu yaliyofanya kazi, bali nani ametangulia. Mwaka 2021 Alejandra Sel, Rushworth na wenzao walichapisha kazi nyingine iliyoonyesha kuwa kuimarisha au kudhoofisha kiungo hicho huongeza au kupunguza mawimbi ya umeme ambayo ubongo huyatumia katika kuendesha mwendo.

Kwa mtu aliyepoteza mwendo, habari hiyo ina uzito. Inaonyesha kwamba njia kati ya maeneo ya ubongo haziko kama mawe. Zinaweza kukazwa na kulegezwa kutoka nje ya fuvu, walau kwa muda.

Kiharusi na ahadi iliyojaribiwa

Huku kwetu wanaosubiri habari hiyo kwa hamu zaidi ni familia zenye mgonjwa wa kiharusi, kwa kuwa ni wengi. Utafiti ulioongozwa na Richard Walker kati ya mwaka 2003 na 2006, uliochapishwa mwaka 2010 katika Lancet Neurology, uliwahesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika Wilaya ya Hai na sehemu ya Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, ilionekana kuwa kila mwaka watu 108.6 kati ya 100,000 wilayani Hai walipatwa na kiharusi. Dar es Salaam walikuwa 315.9.

Kiharusi huua sehemu ya ubongo upande mmoja, na mkono na mguu wa upande wa pili hulegea au hukakamaa. Wataalamu walijenga hoja kwamba nusu iliyosalimika, ikikosa wa kuituliza, huzidi nguvu na kuikandamiza ile iliyojeruhiwa. Wakatafuta kuituliza kwa mapigo ya sumaku ya polepole, moja kila sekunde. Majaribio madogo yalitia moyo.

Ndipo likaja jaribio kubwa. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018 kutoka vituo 12 vya Marekani, likihusisha wagonjwa 199 wa kiharusi wenye mkono uliodhoofu. Baadhi walipata sumaku ya kweli, wengine koili ya kuigiza isiyogusa ubongo kwa namna iliyokusudiwa. Wote walifanya mazoezi ya mkono yanayolenga kazi halisi kwa wiki 6. Mwishowe makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, kiasi cha theluthi mbili ya wagonjwa katika kila kundi. Sumaku haikuongeza kitu juu ya hapo.

Matokeo hayo hayaizimi sayansi hii. Hoja ya nusu moja kuikandamiza nyingine sasa inaangaliwa upya, kwa sababu kwa mgonjwa ambaye nusu iliyojeruhiwa imeharibika sana, nusu nzima huenda ndiyo inayombeba. Wapo watafiti wanaochagua tiba kulingana na wimbi: kama koili bado inaamsha mkono uliolegea, njia ipo na matarajio ya kupona ni mazuri. Yapo pia majaribio ya umeme hafifu wa betri unaopitishwa kichwani kwa vipande viwili vyenye unyevu, njia ambayo Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, waliionyesha mwaka 2000 kuwa hubadili utayari wa eneo la mwendo. Kifaa chake ni cha bei nafuu kuliko mashine ya sumaku na hubebeka kwa urahisi.

Tiba ya sumaku yenyewe ina mipaka. Huweza, kwa nadra, kuamsha degedege, na haimfai mtu mwenye chuma kichwani karibu na koili au betri ya moyo kifuani. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kifaa cha kwanza cha aina hii mwaka 2008, na ilikuwa kwa ajili ya sonona, si kupooza.

Lakini jaribio lile la 2018 lina somo kwa mgonjwa wa Kiloleli ambaye hataiona koili mwaka huu wala ujao. Walichopata wagonjwa wote 199 ni mazoezi yenye mpangilio: kushika kikombe, kugeuza ufunguo, kunyoosha vidole, tena na tena, wakisimamiwa. Hicho hakihitaji umeme wala dola. Kinahitaji mtaalamu wa viungo wa kumwonyesha mgonjwa na ndugu zake namna ya kufanya, na familia isiyomwacha amelala kitandani kwa imani kwamba mwili utajirudi wenyewe.

Yaliyo mikononi mwa kaya

Kwa konzo, hadi sasa hakuna dawa inayorudisha seli zilizoharibika. Mazoezi, fimbo zinazofaa, na kwa baadhi upasuaji wa kurefusha kano ya kisigino, humsaidia mgonjwa kusimama na kujihudumia. Kilichobaki ni kinga, na kinga inafahamika vizuri.

Sumu yenyewe, sianidi, haimo ndani ya muhogo ikiwa tayari. Muhogo una kemikali iitwayo linamarini, na pembeni yake, katika vyumba tofauti vya seli, una kimeng'enya cha kuivunja. Muhogo ukipondwa au ukiozeshwa kuta za seli hupasuka, viwili hivyo hukutana, na sianidi hutoka ikapotelea hewani au majini. Ndiyo maana kuloweka mihogo siku tatu au nne hadi ilainike huondoa karibu sumu yote. Udaga, muhogo unaovundikwa ukaota ukungu kisha ukaanikwa juu ya miamba, nao hupunguza sumu kuliko makopa yaliyomenywa na kuanikwa moja kwa moja juani. Hatari huja njaa inapobana na hatua hizo zikafupishwa. Ukame huongeza ubaya, maana mmea wenye kiu hutengeneza linamarini nyingi zaidi.

Mwili nao una ulinzi wake. Huigeuza sianidi kuwa kitu chepesi kinachotoka na mkojo, lakini kwa kazi hiyo hutumia salfa, ambayo mtu huipata kwenye protini: samaki, dagaa, nyama, maharage. Anayekula ugali wa muhogo mchungu na majani matupu hana akiba hiyo. Wanawake walio katika umri wa kuzaa na watoto waliokwisha kuacha ziwa ndio huathirika zaidi.

Ugonjwa huu haukuishia Tarime. Mwaka 2001 hadi 2002 wagonjwa 24 walipatikana wilayani Mbinga, na mwaka uliofuata wagonjwa 214 mkoani Mtwara, tena wakati wa ukame. Mlingi na wenzake walipokwenda huko walifundisha njia iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia. Unga wa muhogo humwagwa kwenye beseni na alama huwekwa ndani pale unga ulipofikia. Huongezwa maji huku ukikorogwa. Kwanza unga hushuka, kisha hupanda hadi kwenye alama. Donge hilo lenye unyevu hutandazwa juu ya mkeka au turubai, unene usizidi sentimita moja, likaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini. Kisha ugali husongwa siku hiyo hiyo. Njia hiyo hupunguza sianidi iliyosalia mara tatu hadi sita, na haigharimu kitu zaidi ya maji na muda.

Serikali na hospitali kubwa za Kanda ya Ziwa zina wajibu wao. Mkoa wa Simiyu na jirani zake wanahitaji wataalamu wa viungo wa kutosha katika hospitali za wilaya, na kanda inahitaji walau kituo kimoja chenye mashine ya kupima njia za mwendo kwa sumaku, ili mgonjwa aliyepooza ajue kama njia yake bado ipo na tiba ipangwe kwa ushahidi. Utafiti wa konzo ulifanyika kwa miili ya watu wetu. Ni haki matunda yake yawafikie.

Wakati hayo yakidaiwa, kaya za Kiloleli na popote unapoliwa muhogo mchungu zisifupishe kuloweka wala kuvundika, hata mwaka wa njaa, na unga wenye mashaka uloweshwe na kutandazwa kabla ya kusongwa. Dagaa au maharage visikosekane kwenye sahani ya mama na mtoto. Aliyevuka miaka 40 apimwe presha katika zahanati iliyo karibu, na mtu yeyote ambaye miguu imekakamaa ghafla, mkono umelegea au mdomo umekwenda upande, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.